Vichwa vimepungua, mapato yamepanda: kusoma hesabu za kampuni za TEHAMA za India

Zamani kulikuwa na njia ya mkato ya kukadiria mapato ya kampuni za India zinazouza huduma za TEHAMA nje: hesabu vichwa. Watu wakiongezeka, ankara zinaongezeka. Njia hiyo sasa imeota nyasi.

Tazama mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024. Kampuni ya Infosys ilishuka kutoka wafanyakazi 343,234 hadi 317,240, lakini mapato yake kwa dola yalipanda kama asilimia 1.9. TCS (Tata Consultancy Services) ilitoka 614,795 hadi 601,546, na mapato yakapanda kutoka dola bilioni 27.9 hadi 29.1.

Siri iko kwenye benchi, yaani watu wanaolipwa mshahara bila kuwa na mradi. Tuseme kampuni ina wahandisi 1,000, kila mmoja saa 160 kwa mwezi, na mteja analipa dola 25 kwa saa. Wakiwa kazini asilimia 80, ankara ya mwezi ni dola milioni 3.2. Wakifika asilimia 85, ni milioni 3.4. Hilo ni ongezeko la asilimia 6.25 bila kuajiri hata mtu mmoja. Mwaka 2022 benchi zilikuwa zimejaa vijana waliotoka vyuoni, kwa sababu watu walikuwa wakihama kazi ovyo: huko Infosys, kiwango cha walioacha kazi kwa miezi 12 kilifikia asilimia 28.4 katika robo iliyoishia Juni. Kwa kasi hiyo, kampuni yenye watu 300,000 inahitaji kuajiri zaidi ya 85,000 kwa mwaka ili isipungue tu. Uhamaji ulipotulia na wateja wakabana matumizi, kampuni ziliacha kujaza nafasi za walioondoka na kuwaingiza wa benchi kwenye miradi. Ila benchi ina mwisho. Huwezi kuikamua miaka 3 mfululizo.

Jambo la pili ni mahali kazi inapofanyiwa. Chukua wahandisi 800 walio kwenye miradi: 200 wako kwa mteja Marekani kwa dola 75 kwa saa, 600 wako India kwa dola 25. Jumla ni dola milioni 4.8 kwa mwezi. Rudisha kazi ya watu 40 India: jumla inashuka hadi milioni 4.48, karibu asilimia 7, ingawa watu na saa ni zilezile. Anayetazama mapato peke yake atadhani kampuni inaumwa, kumbe huenda faida kwa kila dola imepanda, maana mshahara wa Marekani ndio mzigo mkubwa.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kugawa mapato ya mwaka mzima kwa idadi ya watu wa siku ya mwisho. Kwa TCS, hesabu hiyo inatoa takriban dola 45,400 kwa mtu katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023 na 48,300 katika ule ulioishia Machi 2024: ongezeko la asilimia 6.4. Tumia wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka (Machi 2022 walikuwa 592,195), unapata 46,300 na 47,800, yaani asilimia 3.3 tu. Nusu ya huo "ufanisi" ilikuwa kosa la kugawanya.

Usilinganishe pia kampuni yenye vituo vingi vya kupokea simu na inayouza ushauri. Bei zao kwa saa haziko ngazi moja. Na linganisha ukuaji kwa viwango vya fedha visivyobadilika, yaani kwa kutumia kiwango kilekile cha kubadilisha fedha kwa miaka yote miwili, kwani rupia ikishuka, mapato kwa rupia hunenepa yenyewe.

Mwisho, fungua ukurasa wa gharama utafute malipo ya wakandarasi wadogo, yaani watu wanaokodishwa kutoka kampuni nyingine. Hao hutoza saa kama wengine, lakini kwa kawaida hawamo kwenye idadi ya wafanyakazi inayotangazwa. Mstari huo ukipanda huku vichwa vikishuka, kazi haijapungua mikono. Imebadilisha tu anayeilipa mshahara.