Mwanafunzi mwenye usonji: mzungumzieni kabla ya usajili, si asubuhi ya mtihani

Kila Novemba, mtihani wa Kidato cha Nne ukianza, dawati letu la elimu maalumu halmashauri hupokea lalamiko lile lile: "Mwanangu ana usonji (autism), mbona hakuongezewa muda?" Tukiuliza kama shule iliandika hitaji hilo wakati wa usajili, mzazi hunyamaza.

Mtahiniwa wa shule husajiliwa na mkuu wa shule. Kwa hiyo mzazi apeleke kwake taarifa ya daktari au ya upimaji mapema. Walimu waongeze wanayoyaona darasani. Nakala ije kwetu. Hitaji liingizwe kwenye taarifa za usajili zinazokwenda Baraza la Mitihani la Tanzania. Cheti kinachotolewa mfukoni mlangoni mwa chumba cha mtihani, msimamizi hana mamlaka ya kukifanyia kazi. Tafadhali msigombane naye.

Nyongeza kwa wenye mahitaji maalumu ni dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Yaani karatasi ya saa 3 hupata saa nzima au nusu saa. Maswali ni yale yale. Wanaosema "wanapendelewa" wangesoma kwanza Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Kinachotusumbua zaidi ni chumba chenyewe. Kijana anayejitikisatikisa, akageuza shingo na kunong'ona peke yake, kwa msimamizi mgeni anaonekana anatazamia majibu ya mwenzake. Udanganyifu ukithibitika matokeo hufutwa, na mtumishi aliyehusika huchukuliwa hatua za kinidhamu na za kisheria. Ndiyo maana msimamizi aelezwe tabia hizo kabla, kwa maandishi. Kijana akae ukutani, mbali na mlango. Swali likirekebishwa, lisiishie kutangazwa kwa mdomo, liandikwe ubaoni. Anayemtuliza asiguse karatasi, wala asidokeze jibu, hata neno moja.

Kuna wazazi wanaoficha hali ya mtoto "kwa sababu ana akili." Nani kasema hana? Kila ombi huangaliwa peke yake, hatuahidi yote yatakubaliwa. Lisiloletwa haliangaliwi kabisa.

Anzeni na Upimaji wa Kidato cha Pili, mpangilio ujaribiwe mapema. Na kabla usajili haujafungwa, mwombe mkuu wa shule akuonyeshe taarifa za mwanao, uzisome mwenyewe.