Kabla Hujaiamini Flash Mpya, Ijaze Kwanza

Muhula ukikaribia kwisha, kaunta yetu ya TEHAMA chuoni huletewa malalamiko yaleyale: flash inafunguka, majina ya mafaili yapo na ukubwa wake unaonekana, lakini kila ukibofya unaambiwa faili limeharibika. Mwenye flash keshaamua ni virusi. Virusi wapo, hatukatai, ila tukiipima flash tunakuta imeandikwa terabaiti 2 wakati ndani ina gigabaiti 32, pengine hata pungufu.

Ndani ya flash mna chipu ya kumbukumbu, ambamo data hukaa, na chipu nyingine ndogo, kontrola, inayozungumza na kompyuta. Kompyuta haina namna ya kuchungulia na kuhesabu nafasi yenyewe; huiuliza kontrola, na jibu inalopewa ndilo unaloliona kwenye skrini. Tapeli huibadilishia kontrola programu yake ili ijibu terabaiti 2, basi. Hata ukiifomati, bado itajibu hivyohivyo.

Ubaya wa flash hizi ni kwamba mwanzoni zinafanya kazi vizuri kabisa. Gigabaiti za kwanza zinaingia mahali pa kweli, na zinafunguka. Ukivuka hapo, kontrola ama inatupa data unayoileta, ama inarudi nyuma na kuandika juu ya ile ya zamani, huku kompyuta ikitangaza kuwa kunakili kumekamilika. Orodha ya majina ya mafaili kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa kumbukumbu, sehemu iliyo halisi, ndiyo maana majina unayaona ila yaliyomo huyaoni. Kwa hiyo ule mtindo wa kujaribu flash dukani kwa kunakili wimbo mmoja haupimi chochote. Muuzaji mwenyewe huenda hajui anachouza.

Kuna pia zile zinazouzwa mtandaoni kama SSD za nje, yaani diski za kasi za kuhifadhia data, za terabaiti 16. Zilizofunguliwa zimekutwa na memori kadi zimegandishwa kwa gundi ndani ya kasha zuri. SSD ya kweli ya terabaiti 2 ni laki kadhaa za shilingi za Tanzania. Ukiuziwa kwa elfu ishirini, bei imeshakwambia.

Ila usimwonee muuzaji. Flash halali ya gigabaiti 64 itaonyesha 59 na kitu kwenye Windows. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Hapo hujaibiwa.

Kipimo cha uhakika ni kuijaza flash yote, kisha kusoma kila kilichoandikwa. Kwenye Windows tumia H2testw, programu ndogo ya bure isiyohitaji hata kusakinishwa. Ikifunguka kwa Kijerumani usishtuke, iliandikwa Ujerumani. Chagua Kiingereza, onyesha ilipo flash, bofya “Write + Verify”. Kwenye Linux kuna programu iitwayo F3: unaanza na amri ya f3write, inafuata f3read, na mwisho unapewa kiasi cha data kilichosalimika na kilichopotea. Memori kadi ya simu ichomeke kwenye kompyuta kwa kadi rida, uipime vilevile.

Flash iwe tupu unapoanza. Programu hizi hazifuti mafaili yako, lakini flash feki ikijazwa inaweza kuyaandikia juu yenyewe. Na uwe na subira: kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, kuandika tu gigabaiti 64 ni karibu saa moja na dakika 47. Terabaiti 2 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa 55, ingawa huna haja ya kusubiri zote. Punguza kiasi, pima gigabaiti 150 hivi, na zilizo nyingi zitaumbuka hapo.

Ikifeli, piga picha ya matokeo, chukua risiti, irudishe dukani. Usiposikilizwa, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Wapo mafundi wanaoipunguza flash hadi ukubwa wake wa kweli, na F3 yenyewe ina amri ya kazi hiyo. Inawezekana, lakini mimi nisingeweka tasnifu humo.

Na kama umeshaijaza, acha kuandika chochote kuanzia sasa. Nakili kwenye kompyuta yale yanayofunguka, ukifungua moja moja kuhakikisha. Fundi akikutajia bei ya kuokoa yaliyobaki, jibane kwanza: data iliyotupwa na kontrola haikuwahi kuandikwa popote, na hakuna programu ya kuirudisha.