Bwege anaweza kuuweka mchi chini

Kila mwaka, siku ya kwanza ya kufundisha udhanaishi, ile falsafa inayouliza mtu anaishi kwa maana gani, kwa kidato cha sita, naandika ubaoni neno moja tu: ubwege. Kisha nawauliza wanafunzi wanasikia nini. Majibu hayabadiliki sana. Ujinga. Uzembe. Mtu asiyejitambua. Mwaka huu kijana mmoja wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) alisema, "Ni kama yule anayetwanga maji kwenye kinu, mwalimu," na darasa zima likakubali.

Nimefundisha fasihi hapa Moshi miaka 19, na jibu hilo ndilo linaloonyesha vizuri zaidi mahali msomaji wetu anapopotea. Neno ubwege limeshazoeleka katika nadharia na uhakiki kwa maana ya hali ya mtu kutafuta maana katika dunia isiyomjibu, tunasema tamthilia za kibwege na kila mtu wa fani anaelewa. Mtu wa nje halisikii hivyo. Ukimwita mtu bwege pale sokoni Mbuyuni umemtukana. Kwa hiyo anapofungua kitabu cha ubwege anadhani mwandishi anamwambia kwamba binadamu ni mjinga.

Hebu tukitazame hicho kinu. Msemo wetu unamhukumu mtwangaji. Maji hayatwangiki, kila mtu anajua, na dawa anayo mwenyewe mkononi: auweke mchi chini, akafanye shughuli nyingine. Sasa mchukue Sisyphus, yule wa hekaya ya Kigiriki ambaye mwandishi Mfaransa Albert Camus alimfanya kielelezo cha kitabu chake cha mwaka 1942. Miungu wamempa adhabu ya kusukuma jiwe hadi juu ya mlima. Likifika, linaporomoka. Anashuka, analisukuma tena, milele. Jiwe hakulichagua na kuliacha hawezi. Wala si mjinga, maana anajua fika kwamba litaporomoka, na kujua huko ndiko kunakomtesa.

Camus anasema ubwege haumo ndani ya mtu peke yake, wala haumo ndani ya dunia peke yake. Mtu anauliza kwa nini, na ni haki yake kuuliza. Dunia imenyamaza, nayo haina kosa, mawe na mvua havijawahi kuahidi jibu. Ubwege unazaliwa pale wawili hawa wanapokutana. Ukimwondoa muulizaji, haupo. Ukipata jibu, haupo.

Sisi wa Moshi likitajwa jiwe na mlima, kuna mtu tunamfikiria mara moja. Mgumu. Ndivyo tunavyowaita vijana wanaowabebea mizigo wageni wanaopanda Kilimanjaro: mahema, mitungi ya gesi, vyakula, hata meza na viti. Getini mzigo unapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20. Kwa njia ya Machame watabeba hadi kambi ya Barafu. Usiku wageni wanaondoka na waongozaji kwenda kileleni, mita 5,895, na wagumu wengi wanabaki kambini kuwasubiri. Halafu wanashuka kwa njia ya Mweka na mizigo ileile. Safari nyingine ikipatikana, wanaanza upya.

Nilipoutoa mfano huo darasani, binti mmoja aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, samahani. Kaka yangu ni mgumu. Yeye si Sisyphus. Analipwa. Ada yangu imetoka mle."

Darasa likatulia. Na mimi nikatulia, kwa sababu alikuwa sahihi, na alinionyesha kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwa nimekisema sawasawa. Kuna lengo na kuna maana. Lengo la kaka yake linaonekana na linashikika: ada, bati za nyumba ya mama, unga. Sisyphus hana hata hilo, na ndiyo maana mateso yake ni ya hekaya. Swali la maana linakuja nyuma ya malengo yote. Ada ni ya nini? Ili asome. Asome ili iweje? Apate kazi. Kazi ya nini? Alipe ada ya mwanawe. Unazunguka, unarudi pale pale, na siku moja katikati ya mzunguko, labda ukiwa umesimama kituoni unasubiri daladala ya hospitali ya KCMC, swali linakushika shati. Udhanaishi unaanzia hapo. Wala swali hilo halipunguzi hata senti moja ya thamani ya ada ile. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wakisoma Camus nusu kitabu, kisha wakaanza kulidharau jasho la wazazi wao.

Camus mwenyewe asingelidharau. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1914 mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na mama yake, asiyejua kusoma, alimlea huko Algiers kwa kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Hakuandika juu ya mzigo kama mtu aliyeusikia kwa jirani. Ndiyo maana, nadhani, sehemu inayomvutia katika hekaya ile si kupanda. Ni kushuka. Wakati wa kupanda Sisyphus ni misuli na pumzi tu. Anaposhuka mikono mitupu kulifuata jiwe, hapo ana nafasi ya kufikiri, na hapo, anasema Camus, yuko juu ya adhabu yake. Kitabu chenyewe kinaanza na swali zito kuliko yote, kama maisha yana thamani ya kuyaishi, na jibu lake ni ndiyo. Kujiua, kwake, ni kukimbia swali. Anachotaka ni mtu abaki, ajue, na asikubali kushindwa.

Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi, ni njia nyingine, na Camus alikataa waziwazi kuitwa mdhanaishi. Kwa Sartre natumia mwiko. Fundi anayeuchonga anajua kazi yake kabla haujawepo. Binadamu, anasema Sartre, hakuchongwa hivyo, hakuna Mungu aliyempangia kazi: kwanza yupo, halafu kwa matendo yake anajifanya kuwa kitu fulani, na hana wa kumsingizia. Kwa wanafunzi wangu wengi, waumini wa dini, hapa ndipo mjadala unapochemka, na huwa siuzimi.

Lakini moyo wangu uko kwa Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki mwaka 2020, na riwaya yake ya Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Ifikirie miaka hiyo. Mwaka 1967, hapo Arusha, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka hapa, lilitangazwa Azimio lililoieleza nchi nzima tunakwenda wapi na kwa nini. Waandishi wengi walilipokea, na mashujaa wao wakamalizia safari kwenye kijiji cha ujamaa. Katikati ya jibu hilo kubwa anatokea Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anarudi kwao na elimu yake, na anaendelea kuuliza. Elimu haimjibu. Dini haimjibu. Ndoa haimjibu. Anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, mtoto anafariki, na mwishowe Kazimoto anajiua.

Wapo wanaosema Kezilahabi aliiga Wafaransa. Sikubaliani. Kazimoto havunjiki kwa sababu mbingu zimenyamaza tu. Anavunjika kati ya kijiji ambacho hakimo tena moyoni mwake na usomi ambao haujampa pa kusimama. Huyo ni mtu wetu. Na Kezilahabi hakuishia kwenye kifo hicho. Katika Nagona, mwaka 1990, na Mzingile uliofuata, anauvunja hata usimulizi wenyewe ili swali lipate njia nyingine ya kupita. Ukisoma Kichwamaji peke yake, umesoma nusu ya mtu huyo.

Said Ahmed Mohamed naye anafanya lake. Katika tamthilia yake ya Amezidi, ya mwaka 1995, Ame na Zidi wako pangoni na njaa yao, wanaota utajiri. Ukiwaweka karibu na wale wawili wa tamthilia ya Samuel Beckett wanaomsubiri chini ya mti Godot asiyefika, unaona tofauti: njaa ya Ame na Zidi ina mwenye kuisababisha. Ubwege wao una siasa ndani yake.

Juma lililopita yule binti alirudi na habari. Alikuwa amemuuliza kaka yake huwa anawaza nini akishuka Mweka. Kaka alicheka kwanza, kisha akasema pale ni kuangalia miguu, mawe yanateleza na goti la kushoto linauma. Ila ukishaingia msituni, njia ikiwa laini, kuna mawazo yanakuja ambayo hajawahi kumwambia mtu. Hakumwambia na yeye. Binti ameazima Kichwamaji, amempelekea.