Dhana potofu kuhusu mwisho wa utumwa Zanzibar na Pwani

Wengi wetu tuliosoma historia ya Afrika Mashariki shuleni tulibaki na mwaka mmoja kichwani, nao ni 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na baadaye kanisa kuu la Kianglikana likasimama mahali pale. Ndipo ikazaliwa dhana kwamba utumwa wa Zanzibar ulikwisha mwaka ule. Ukweli ni kwamba mkataba huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuwauza sokoni, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali, na mikarafuu ya Unguja na Pemba iliendelea kupaliliwa na kuchumwa na watu wasio huru kwa karibu robo karne zaidi. Amri iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897. Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907. Tanganyika ilingoja mpaka 1922, maana Wajerumani walikuwa wameona yatosha kutangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru.

Hata amri hiyo ya 1897 husimuliwa kana kwamba kesho yake kila mtumwa aliamka akiwa mtu huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe akaombe uhuru wake, na akishaupata ilimlazimu kuthibitisha kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Fidia ilikuwapo, ila alilipwa bwana aliyeonyesha kuwa amepata hasara. Aliyefanyishwa kazi miaka yote bila ujira hakuandikiwa hata pesa moja. Masuria nao waliachwa nje ya haki hiyo, wakahesabiwa kama wake, na suria hakuweza kudai uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha kuwa alitendewa ukatili. Walipewa haki sawa na wengine mwaka 1909. Ni vigumu kuisoma sheria hiyo leo bila kuona kwamba walioiandika walihofia zaidi mavuno ya karafuu kuliko walivyojali watu.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni ile isemayo kwamba watumwa walikaa wakisubiri manowari za Kiingereza na wamishonari waje kuwakomboa. Simlaumu anayeiamini, kwa kuwa makaburi na sanamu nyingi zimejengwa kuwakumbuka wakombozi, wala si watoro. Hata hivyo, kabla ya amri zote hizo, watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Mombasa walikuwa wamekwisha kujenga vijiji vyao bara, wakalima na kujilinda kwa silaha. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilikaliwa na watoro pamoja na Wakristo wa Kigiriama. Wengine walikimbilia Witu, karibu na Lamu, wakawa chini ya mtawala aliyekuwa na ugomvi wake na Zanzibar. Wengine wakafika kando ya mto Juba, wakaanzisha makazi ya Gosha, yaliyopata kuongozwa na Nasibu Bundo, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru katika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, na katika misheni nyingine, baada ya kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana. Hati zile zilithibitisha tu jambo ambalo watu hao walikuwa wamelitenda kwa miguu yao.

Kuhusu dhana kwamba utumwa ulikuwa kazi ya watu wa rangi moja tu, nitasema kwa ufupi. Biashara hii haikuwa ya Waarabu peke yao: misafara ilikuwa pia ya Waswahili na Wanyamwezi, mitaji mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na sehemu ya wanunuzi walikuwa Wafaransa wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Mwisho ni dhana kwamba kanga ni vazi la tangu na tangu, lisilohusiana na siasa. Kanga ilianza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mtumwa wa kike alivaa kaniki, yaani kitambaa cheusi cha bei rahisi, au merikani, yaani kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, na wa kiume hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya mabwana. Kwa hiyo mwanamke aliyenunua doti ya kanga zenye rangi alikuwa akitangaza hadharani kwamba zamani zile zimepita. Mahasimu walilielewa vizuri tangazo hilo: mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, alipong'ara mjini walimtungia kejeli ya kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo. Yeye aliendelea kuimba, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida katika mji wa Zanzibar, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani na watoto wao, waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walipojenga nyumba zao, na wenzao walipofungwa kwa sababu ya mgomo, umati ulikwenda kuwatoa gerezani.