Eti Nyoka wa Mahindi Haizidi Nyumba Yake?

Nilipomnunua nyoka wangu wa kwanza wa mahindi (Waingereza humwita corn snake), hapa Uingereza ninakoishi, muuzaji alinifungashia na tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 45. Nikamuuliza, akikua je? Akacheka. "Huyu hawezi kuizidi nyumba yake, ndugu yangu." Nikaamini. Nyoka mwenyewe alikuwa na gramu 8, mwembamba kama penseli, akijikunja anaenea kwenye kisahani cha kikombe. Ningebishia nini?

Dhana: Nyoka hukua kulingana na kizimba chake.

Kuta hazimpangii nyoka kimo. Kinachomkuza ni chakula, joto na ukoo wake. Huanguliwa akiwa na sentimita 20 hadi 30, hukua mbio miaka miwili mitatu ya kwanza, na wengi wakikomaa huwa kati ya sentimita 90 na 150. Wangu alipofikisha mwaka mmoja na nusu alikaribia mita moja, bado yumo mle mle, kajizungusha kama kamba kwenye ndoo ya kisima. Pua ilikuwa imechubuka kwa kusugua kioo usiku kucha akitafuta pa kutokea. Ukiona nyoka kadumaa kweli, shuku njaa, ugonjwa au baridi inayomzuia kusaga chakula, usikisifu kizimba.

Dhana: Muda wote kajikunja kona moja, kwa hiyo nafasi inamtosha.

Hii nimeisema mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nyoka wa mahindi hutoka jioni na usiku. Njoo umtazame saa tano usiku taa zikiwa zimezimwa: anazunguka, anapanda, anapima kila kona. Kwao, kusini-mashariki mwa Marekani, hupanda miti na kuingia maghala ya mahindi kuwinda panya. (Mahindi yenyewe hali, kwa wale wanaoniuliza kila mara.)

Mkubwa anahitaji kizimba kisichopungua sentimita 120 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwenda juu, na kama yeye ni mrefu kuliko hapo, ongeza. Kuna na suala la joto, ambalo wengi hulisahau. Upande mmoja unatakiwa uwe na nyuzi kama 30, wa pili 23 hivi, achague mwenyewe. Tangi dogo ukilipasha joto linapashika lote, hana pa kukimbilia. Mimi sasa dalili yangu ni moja: akishindwa kujinyoosha bila kukunja shingo kwenye kona, nimeshachelewa. Kizimba cha sasa kimekaa pale palipokuwa na kabati la vyombo, na mke wangu bado analiulizia kabati lake.

Dhana: Mtoto wa nyoka akiwekwa kwenye nafasi kubwa hali.

Hapa kuna chembe ya ukweli. Kinachomkatisha hamu ni uwazi. Anajiona yuko uwanjani, kila jicho linamwona. Mjazie maficho: magome ya mti, maboksi ya karatasi, majani ya plastiki, maranda mengi ya kujifukia. Atakula. Wengine huanza na boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na sioni kosa, maana ni rahisi kujua kama kala au hakula. La kuogopa zaidi ni mianya. Kichwa kikipita, mwili nao unapita. Wa pili wangu alipotea siku nne kupitia tundu la waya wa umeme, tukamkuta ndani ya kiatu cha shule cha mwanangu.

Dhana: Pima gamba alilojivua, utajua urefu wake.

Gamba hutanuka linapovuliwa, kwa hiyo huwa refu kuliko mwenye nalo. Ndiyo maana kila mtu ana nyoka wa mita mbili! Laza uzi mgongoni mwake anapotambaa taratibu, kisha upime uzi. Uzito upime kwa mizani ya jikoni, ila tafadhali isiwe ile ya unga wa chapati. Gamba lina habari nyingine: mtoto hujivua kila wiki 4 hadi 6, na nafasi kati ya gamba na gamba ikianza kurefuka ujue kasi ya kukua inapungua.

Dhana: Mlishe sana awahi kukomaa.

Atawahi kunenepa na kuharibika ini. Panya mmoja asiyezidi sana unene wa tumbo lake, kila siku 5 hadi 7 kwa mtoto, kila siku 10 hadi 14 kwa mkubwa. Ukimpa panya mnene kuliko hapo, atamtapika, na wewe ndiye utakayesafisha.

Dhana: Kizimba kikiwa kikubwa, mtafutie mwenzake.

Hahitaji mwenzake. Hawa huishi peke yao, na mmoja akiwa mdogo anaweza kuliwa.