Kwa nini pikipiki ya mipigo miwili iliyolala muda mrefu hugoma kuwaka hata ikiwekewa plagi mpya?

Zile pikipiki za Yamaha AG100, Yamaha DT 125 na Suzuki A100 zinazochoma petroli pamoja na oili bado zipo. Nyingi zimeegeshwa uani au nyuma ya ghala, zinapigwa vumbi. Siku mwenyewe akiikumbuka pikipiki yake, mambo huenda hivi: inatiwa petroli mpya, inanunuliwa plagi mpya, kiki inapigwa mpaka jasho linatoka, na injini haikohoi hata mara moja. Ukiitazama plagi, moto upo. Ukifungua koki, mafuta yanashuka. Sasa tatizo nini?

Mara nyingi tatizo liko mahali ambapo fundi aliyezoea bodaboda za kisasa za mipigo minne hana sababu ya kupachunguza: kwenye kasha la krenki, yaani ekseli inayozungushwa na pistoni, chini ya silinda. Katika injini ya mipigo minne, kasha hilo ni makazi ya oili tu. Mchanganyiko wa hewa na petroli haupiti huko. Unaingia juu kupitia vali. Injini ya mipigo miwili haina vali hizo. Pistoni ikipanda, chini yake kunabaki mvuto, na mvuto huo ndio unaovuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya kasha. Pistoni ikishuka, inaukandamiza mchanganyiko ule na kuusukuma juu kupitia njia zilizochongwa ubavuni mwa silinda, huku moshi wa mlipuko uliotangulia ukitokea upande wa pili. Moto unawaka kila krenki inapozunguka mara moja, wakati mipigo minne inahitaji mizunguko miwili. Ndiyo maana oili inachanganywa na petroli: kwenye kasha hakuna oili nyingine ya kulainisha krenki.

Kwa hiyo kasha ni pampu, na pampu ikivuja haivuti. Aliyewahi kujaza tairi kwa pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake imekauka anajua hali hiyo: unasukuma, mkono unakwenda bila uzito, na tairi halipati kitu. Ngozi ya injini hii ni sili mbili za mpira, moja kila upande wa krenki. Pikipiki ikikaa miaka bila kuzungushwa, midomo ya sili hukauka, hugeuka migumu, haishiki tena krenki. Unaweza kubadilisha plagi kila siku na isikusaidie.

Sili hizo mbili zikifa, kila moja inaacha dalili zake. Kwenye AG100 na DT, sili ya kushoto iko upande wa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, na huko nje yake kuna hewa kavu. Ikivuja, kasha linavuta hewa badala ya mchanganyiko. Injini inakataa kuwaka, au inawaka na kupandisha mzunguko yenyewe bila wewe kugusa aksaleta. Sili ya kulia iko upande wa klachi, na nje yake kuna oili ya gia boksi. Ikivuja, injini inainyonya oili hiyo. Utaona moshi mzito mweupe usioisha, plagi inalowa oili nyeusi, na kiwango cha oili ya gia boksi kinashuka ingawa chini hakuna hata tone lililomwagika. Fundi makini huthibitisha kwa kuziba njia ya kabureta na ya bomba la moshi, kisha kujaza upepo kidogo sana ndani ya injini, psi 6 hivi (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), na kupaka povu la sabuni kwenye ncha ya krenki. Povu likichemka, sili imekwisha. Upepo ule ukikaa dakika kadhaa bila kushuka, kasha ni zima, utafute kosa kwingine.

Lakini hakuna haja ya kufungua magneto kabla ya kuiuliza plagi. Piga kiki kama kumi, fungua plagi, itazame na uinuse. Naipenda hatua hii kuliko zote, kwa sababu haina gharama na inagawa kazi yote sehemu mbili: plagi kavu ina maana mafuta hayafiki, plagi iliyolowa ina maana mafuta yanafika lakini hayawaki.

Ikiwa ni kavu, fuata njia ya petroli kutoka juu kwenda chini. Kuna tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiziba, petroli inashuka kidogo na kugoma. Kuna chujio la koki. Halafu kuna kabureta, na hapo ndipo penye adhabu ya kulala muda mrefu. Petroli inapokauka ndani ya bakuli la kabureta, sehemu nyepesi zinaruka na kuacha utando wa kahawia unaonata. Tundu la jeti ndogo (jeti ni kijibomba kinachopima petroli), ile ya mwendo wa polepole na ya kuwashia, halifiki hata milimita moja. Utando mwembamba unatosha kulifunga. Lizibue kwa dawa ya kusafishia kabureta na upepo. Usilichokoe kwa waya mgumu, kwa maana ukilipanua injini haitakaa sawa tena. Unataka kujua haraka kama kosa liko kwenye mafuta? Mimina kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki. Ikiwaka sekunde mbili na kuzima, moto na mgandamizo vipo. Rudi kwenye kabureta au kwenye sili.

Jambo moja kuhusu choki, maana linawasumbua wengi. Kwenye kabureta nyingi za aina hii za kampuni ya Mikuni, choki si kibao kinachoziba hewa. Ni njia ndogo ya pembeni inayoongeza petroli, na inafanya kazi tu aksaleta ikiwa imefungwa, kwa sababu hapo ndipo mvuto wake unapokuwa na nguvu. Anayevuta choki huku amekunja aksaleta anaizima choki mwenyewe.

Plagi ikilowa, tazama moto. Ibane plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke wa petroli usishike moto, na ufanye kazi hii kivulini. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano iliyofifia itakufa ndani ya silinda, kwa kuwa kuruka kwenye hewa iliyogandamizwa kunahitaji umeme mkubwa zaidi kuliko kuruka nje. Anza na waya wa swichi ya kuzimia: uchomoe kwanza, kutu kidogo ndani ya swichi inatosha kuua moto wote. Kisha pointi, yaani vidomo viwili vya chuma vinavyokata umeme ili cheche itoke, kama pikipiki yako inazo. Zikikaa bila kazi hupata ukungu usioruhusu umeme kupita. Zisugue kwa msasa laini na uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kama moto ni mzuri na injini inajibu kwa kurudisha kiki kwa nguvu, kagua ile kii ndogo ya nusu mwezi inayoshika magneto. Ikikatika, cheche inakuja wakati usio wake.

Plagi ikitoka inadondosha petroli, huenda sindano ya boya, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, imevuja na mafuta yamejaa kwenye kasha. Funga koki, acha plagi nje, fungua aksaleta yote, piga kiki mara nyingi mpaka mvuke uishe.

Yote yakiwa sawa, nenda nyuma ukatazame bomba la moshi. Injini hii inachoma oili, na masizi yake hujaza bomba mpaka moshi unakosa pa kutokea. Nyigu wa udongo nao huyapenda mabomba ya pikipiki zilizolala. Kiota kimoja kinatosha kuizuia injini kupumua.

Ikiwaka, usiondoke nayo bado. AG100 ina pampu yake ya oili, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube, na baada ya kulala muda mrefu mpira wa oili unaweza kuwa na hewa. Tangi la kwanza litie oili kwa mkono, lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli, ingawa chupa ya pembeni imejaa. Toa hewa kwenye pampu, weka alama kwenye chupa, na uangalie kama oili inashuka kadiri unavyotembea. Isiposhuka, endelea kuchanganya mpaka pampu ipone.