Milioni moja na moja sio namba tasa jamani

Juzi hapa Masasi tumekaa kijiweni tunasubiri bei ya mnada wa korosho, dogo mmoja wa kidato cha pili akaja na zoezi lake, eti 1,000,001 ni namba tasa, yani isiyogawanyika kwa namba nyingine zaidi ya 1 na yenyewe, au sio? Aisee zilipigwa kelele.

Wengi wakasema tasa, kwanini, kwasababu ni witiri, yani 2 haiingii, na haigawanyiki kwa 3 wala 5 wala 7, imeisha hiyo. Hapa ndo tunapopigwa. Witiri ni witiri tu, hata 9 ni witiri na 3 inaingia. Alafu hii namba ina ujanja, jirani yake 999,999 anagawanyika kwa 3, 7, 11, 13 na 37, zote hizo, sasa ya kwetu imezidi kwa mbili tu, ko kote huko ukigawanya inabaki 2. Mtu akishajaribu hizo anachoka, anasema tasa. Nikaomba kalkuleta ya simu nikaweka 101, ikatoka 9,901 kavu bila nukta. Yani ukiwa na korosho milioni moja na moja unapanga mafungu 101 ya korosho 9,901, hakuna hata moja inayobaki ya kutafuna.

Mzee mmoja pale akasema namba kubwa vile lazima ina vigawo kibao, yani namba zinazoingia bila kubaki kitu. Hapana mzee wangu, ukubwa hauhusiani. Hiyo ina vinne tu: 1, 101, 9,901 na yenyewe. Wakati 720,720, ambayo ni ndogo kuliko hiyo, ina vigawo 240! Na ukisogea mbele kidogo kuna 1,000,003, hiyo ndo tasa kweli.

Ila utahakikishaje, ujaribu mpaka milioni? Wengi wanadhani ndo hivyo ndo maana wanakimbia hesabu. Unaishia kwenye kipeuo cha pili, yani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hiyo yako, hapo ni kama 1,000, kwasababu kigawo kikubwa kuliko kipeuo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo mdogo ungekuwa ushakutana naye njiani. Tena unajaribu namba tasa peke yake, chini ya 1,000 ziko 168. Kazi ya jioni moja, sio ya mwaka.

Na tusichekane sana, hata Fermat, yule mwanahesabu Mfaransa wa miaka ya 1600, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, mpaka 1732 mwanahesabu mwingine, Euler, akaonyesha 641 inaingia.

Dogo akaandika jibu lake, alafu akauliza, na 1 je, si tasa? Wote tasa tasa! Wapi, tasa inataka vigawo viwili, 1 ina kimoja tu, yenyewe. Akafuta kwenye daftari, kumbe alikuwa ashaiandika swali la juu. Bei ya mnada mpaka tunanyanyuka haijatoka.